Nyumba Yenu Ina Pepo

Élysée ana mwandiko mzuri. Herufi zake zimesimama wima, hazigusani, kama alivyofundishwa na mapadre kule Uvira, Kongo. Lakini karatasi anazowaachia wateja wake siku hizi naziandika mimi, kwa Kiingereza, hata kama mteja ni Mkenya mwenzangu au Mtanzania. Hunijia Jumapili baada ya ibada, akanieleza alichokikuta kwenye dari ya mtu, nami nikaandika. Watu husema, Lydiah ana moyo wa kusaidia. Mimi najua ni adhabu aliyonichagulia, na sijawahi kuikataa.

Kazi yake ni kuziba hewa. Alianza maisha akiwa seremala, kazi aliyofundishwa na baba yake mdogo. Vita vikamfukuza mwaka wa tisini na sita, akavuka ziwa, akakaa kambini Tanzania miaka mitano. Mwaka wa 2001 yeye na mkewe Clothilde waliletwa Texas, wakapewa vyumba viwili katika yale magorofa ya Vickery Meadow, Dallas, ambako kila mlango una watu waliokimbia vita vyao tofauti. Alipakia mizigo kwenye bohari hadi mgongo ukamuuma. Kisha akaja mtu wa kampuni moja akitafuta watu wembamba wasioogopa joto, na Élysée, ambaye kambi ilikuwa imemmaliza mwili, akaajiriwa siku hiyohiyo. Miaka mitatu baadaye kampuni ikamhamishia Houston.

Nyumba za huku hazijengwi kwa mawe. Ni mbao na jipsamu, na juu ya dari kuna nafasi kubwa ya giza chini ya paa, ambamo wajenzi hupitisha nyaya na mabomba ya hewa baridi. Hutoboa matundu wanavyotaka, wakijua hakuna mwenye nyumba atakayepanda kuangalia. Mwezi wa Julai joto la huko juu linaweza kuoka mkate. Mashine ya baridi ikiwaka, nyumba huvuta pumzi kupitia kila tundu, na joto lile na vumbi lake hushuka vyumbani. Mwenye nyumba hulaumu mashine, hununua nyingine kubwa zaidi, na tundu linabaki palepale likimcheka.

Élysée aliyatafuta matundu hayo kwa shavu na kwa uzi. Alipitisha shavu lake polepole karibu na taa, karibu na kona za kabati, akihisi. Halafu alikuwa na kijiti chenye uzi mwekundu wa sufu, mabaki ya kufuma ya Clothilde. Uzi ukicheza, hapo panavuja. Na kila alipopapata alibandika kipande cha uzi uleule kwa gundi, ili siku ya kurudi na vifaa asianze upya kutafuta. Wenzake kazini walitumia kalamu. Yeye alisema kalamu haionekani gizani, na uzi humwambia hata kabla hajaufikia kama hewa bado inapita. Ulikuwa utaratibu mzuri, na nausifu ingawa najua ulikotufikisha.

Clothilde na mimi tulifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee. Kutwa nzima tulikunja mashuka. Kila baada ya nusu saa, jasho likimchuruzika, angesema, "Lydiah, fungula mulango, mupepo iingie." Mupepo, kwa Kiswahili chao, ni upepo. Nilijifunza neno hilo wiki ya kwanza. Nalitaja mapema ili asije mtu akanitetea.

Rafiki yangu Everline alikuwa nesi katika hospitali moja kubwa ya mjini, na nyumba yake ilikuwa Pearland, kando ya Houston, vyumba vinne na jiko lenye kaunta ya mawe meusi. Mumewe Elphas aliendesha lori la masafa, wiki mbili barabarani, siku tatu nyumbani. Mwezi wa Mei mwaka wa 2006 walimleta mama yake Elphas, Mama Melania, kuja kuona wajukuu kwa miezi sita. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, aliyezoea kuamka saa kumi na moja. Siku ya tatu alikuwa ameshalima kipande cha uani na kupanda kunde, na jirani Mzungu akaja kuuliza kama kuna mtu wa kuzikwa.

Chumba alichopewa kilikuwa kimefungwa miaka miwili. Kilikuwa stoo ya makatoni, na tundu la hewa baridi lilikuwa limezibwa kwa gazeti. Waliondoa makatoni, wakaondoa gazeti, wakatandika kitanda. Tangu hapo mambo yakaanza. Pazia lilicheza na dirisha limefungwa. Mlango ulijibamiza wenyewe. Ndani ya kabati la ukutani kulitoka mluzi, mwembamba, wa mtu anayekuita kwa siri. Asubuhi shuka lilikuwa na vumbi la kijivu. Mama Melania alilala amejifunga kitambaa kichwani, akisema utosi unaungua na miguu inaganda.

"It's just the AC, Kukhu," mjukuu wake wa miaka tisa alimwambia. Kukhu ni bibi, kwa lugha ya kwao. "It does that when the AC comes on."

Mtoto alikuwa amesema yote. Lakini katika nyumba zetu mtoto akisema kwa Kiingereza tunasifu lafudhi, hatusikilizi maneno.

Ni Mama Melania mwenyewe aliyemwambia mwanawe atafute fundi. Elphas akaniuliza mimi, nami nikamtaja mume wa Clothilde. Élysée alikwenda Jumatatu moja ya Julai, Elphas akiwa njiani kuelekea California na Everline akiwa kazini. Alimkuta bikizee peke yake. Alinisimulia baadaye jinsi walivyoelewana: yeye na Kiswahili chake cha ziwani, bikizee na Kiswahili chake cha sokoni. Alimwita Mama Mzee. Bikizee alimpa chai na mahindi ya kuchemsha, kisha akamshikia kijiti cha uzi chini wakati yeye akiwa juu anaziba na kuzibua kwa mkono. Uzi ulipocheza mbele ya kabati, Mama Melania alicheka hadi akakaa kitandani.

"Kumbe ni huyu ananipigia mluzi!" alisema. "Na mimi nilidhani ni marehemu mume wangu ananitafuta."

Nyuma ya kabati lile wajenzi walikuwa wameacha uwazi mkubwa, mbuzi angepita, kutoka ukutani moja kwa moja hadi kwenye dari. Élysée alibandika nyuzi zake sita: tatu kabatini, moja kwenye taa, mbili juu ya pazia. Vifaa vya kuziba vilikuwa vimebaki kwenye bohari ya kampuni. Élysée alimwandikia Everline karatasi, ambayo Mama Melania hakuweza kuisoma vizuri, akaiweka chini ya kopo la sukari.

Hapa ndipo yote yalipogeukia, na inabidi nieleze. Wakongo wengi huamini kwamba Kiswahili chao ni cha barabarani na chetu Wakenya ni safi. Sijui nani aliwadanganya. Élysée, kwa heshima, hakutaka kumwandikia mama wa Kikenya, nesi mwenye nyumba yake, neno la Clothilde la chumba cha kufulia. Akatafuta neno bora. Akakumbuka mhubiri wa kwao anaposimulia habari ya tufani ziwani, jinsi pepo zilivyokemewa zikatulia. Akaandika hivi:

"Mama Everline, salamu. Nyumba yenu ina pepo nyingi. Zinapita darini, na nyingi zaidi zimo chumbani kwa Mama Mzee. Nimeweka alama. Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo kuzifunga zote. Msiogope. Élysée, fundi."

Soma tena taratibu. Hakuna kosa hata moja. Upepo mmoja, pepo nyingi. Angekuwa anasema wale wachafu wa kukemewa makanisani, tungetarajia wengi, wanapita, kuwafunga. Yeye ameandika nyingi, zinapita, kuzifunga. Ni Kiswahili cha kumpa mtu alama zote, kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi niliyepata D katika mtihani wa mwisho. Ngeli peke yake ndiyo ilisimama kumtetea yule mama, na nani Pearland ana habari na ngeli?

Everline alinipigia simu jioni, aliporudi kutoka kazini.

"Lydiah, huyu fundi wako ni nani? Ameacha note hapa. Anasema nyumba iko na pepo. Na most of them wako kwa room ya mathe ya Elphas."

Akanisomea. Na mimi nilikuwa nasonga ugali, simu imebanwa begani, nimechoka, nataka kuchekesha mtu. Nikamwambia, "Wakongo hao? Mambo ya pepo wao wana PhD. Akikuambia ziko, jua ziko."

Nikacheka. Nilijua ni utani. Nilijua mupepo ni nini, nilijua kazi ya Élysée ni nini, mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma. Sekunde tano zingetosha kusema, dada, ni hewa tu. Lakini mzaha ulikuwa mtamu, na ugali ulikuwa unaungua, nikakata simu.

Sikujua kwamba Everline alikuwa na lake moyoni. Hakumpenda mama mkwe. Hakuwahi kulisema, maana ni mtu wa kanisa, lakini alichoka kukuta sufuria zake zimepangwa upya na kunde zimeota palipokuwa na nyasi. Karatasi ile ilimpa ruhusa. Simsingizii. Nilimwona uso wake Jumamosi iliyofuata, na haukuwa uso wa mtu mwenye hofu pekee.

Jumamosi mchana alimwita mchungaji wa kikundi chetu cha maombi. Simtaji jina, si kwa kumstahi, bali kwa sababu angefurahi kutajwa. Tulikuwa watu wanane. Tuliimba, tukapita chumba hadi chumba, mimi nikishika kayamba kama mjinga. Tulipofika chumbani kwa Mama Melania, mchungaji alifungua kabati. Nyuzi tatu nyekundu zilikuwa zinaning'inia pale, zimetulia.

"Nani amefunga hizi?" aliuliza.

"Ni fundi," Mama Melania alisema. "Ni alama. Hewa inapita hapo. Mimi mwenyewe nilimshikia kijiti."

"Hewa," mchungaji alirudia, akitabasamu kwa ile huruma yao. "Mama, ni hewa gani inawekewa uzi mwekundu?"

Wakafungua begi la Mama Melania. Walikuta majani makavu ya dawa ya tumbo, yamefungwa kwa kamba ya mgomba, kama bibi yeyote anavyosafiri. Na wakati mchungaji ameyainua juu, mashine ya baridi ikawaka. Nyuzi zikaanza kucheza. Pazia likapumua. Mlango ukajibamiza nyuma yetu, na dada mmoja akaanguka chini akipiga mayowe.

"Mum, it's the AC!" yule mtoto alilia kutoka kwenye korido. "I told you, it's the AC!"

"Go to your room," Everline alisema.

Niliziangalia nyuzi zile. Clothilde alikuwa amemfumia mtoto wake kofia ya sufu ileile katika chumba chetu cha kufulia, nyekundu ya nyanya, nikaisifu. Nilizijua kama ninavyojua nguo zangu. Mama Melania aliniangalia, akitafuta katika kundi lile mtu mmoja aliyemjua fundi. Mimi nikafyata ulimi. Niliogopa kuonekana nampinga mtumishi mbele za watu. Niliogopa aibu ndogo, nikamwachia yeye kubwa.

Elphas alipigiwa simu akiwa barabarani. Simlaumu sana, ingawa namlaumu. Alikuwa na mzigo wa tani ishirini na mke analia sikioni. Alimwambia mama yake, "Mama, enda kwanza nyumbani upumzike, halafu tutapanga tena." Tiketi ikapatikana ya Jumanne. Miezi miwili na nusu kati ya sita.

Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, maana Everline alikuwa na zamu. Njia nzima hakulia. Alikuwa amevaa koti la kanisani katika joto lile, mkoba mapajani. Tulipofika alinitolea mfuko wa njugu, zile alizotoka nazo nyumbani.

"Mpe yule kijana fundi," alisema. "Mwambie ampe mkewe."

Nilizitupa kwenye pipa la maegesho. Kumpa kungemfanya aulize mama yuko wapi.

Alhamisi Élysée alirudi kama alivyoandika. Everline alikuwa na siku ya mapumziko, akampokea mlangoni kwa mikono miwili. Alimwita mtumishi. Élysée alidhani ndivyo Wakenya wanavyowaita mafundi. Alipanda darini saa mbili asubuhi na kushuka saa nane, shati limelowa, nyusi zimejaa vumbi. Aliufunika uwazi wa kabati kwa ubao, akazunguka kingo zake kwa povu, akaziba taa, akaziba kila waya. Huko juu aliimba nyimbo za kanisa, kwa sababu huimba akifanya kazi, na Everline chini aliitikia.

"Mama, pepo zote nimezifunga," alisema aliposhuka, kwa kile Kiswahili chake cha heshima. "Hata moja haipiti."

"Amen!" Everline akapiga makofi. "Amen, mtumishi!"

Alimuuliza Mama Mzee yuko wapi, amsalimie. Akaambiwa amerudi nyumbani. Akafikiri muda wake wa kukaa umekwisha.

Nyumba ikatulia. Bila shaka ilitulia, ilikuwa imezibwa na fundi bora Houston nzima. Pazia lilisimama. Mlango ulikaa pale ulipoachwa. Mluzi ukafa, vumbi likakoma, na mashine ikaanza kupumzika mchana. Na kwa kuwa utulivu ulikuja siku mbili baada ya bikizee kuondoka, Everline aliona kinachoonekana. Alishuhudia kanisani. Aliwapigia simu mawifi zake Kenya: tangu atoke, hata ukuta haujalia. Kazi safi ya Élysée ikawa ushahidi wa kumfunga mama wa watu.

Habari zilifika kijijini kabla mzigo wake haujafunguliwa. Mama Melania alikuwa na desturi ya kuchemsha mahindi na kuwapa watoto wa shule wakipita kwake. Watoto wakakatazwa kuyapokea. Kikundi cha akina mama kikamwomba arudishe ufunguo wa jiko la kanisa, alioushika miaka kumi na minne. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemtukana. Walivuka tu barabara.

Haya niliyasikia, na bado nilikunja mashuka na Clothilde kila siku.

Huku nako Élysée akawa na kazi nyingi. Wanawake wa Kikenya kutoka kila upande wa Houston walimtafuta, wakimtaka aje siku zake za mapumziko. Immaculate wa Missouri City alimfuata hadi chini ya ngazi akimnong'oneza, "Mtumishi, ni nani aliyezileta?" Élysée akamjibu ukweli: "Ni wale walijenga hii nyumba, Mama. Baliacha nafasi wazi, hawakujali." Immaculate akatangaza kila mahali kwamba mjenzi wa mtaa wao anaabudu shetani. Tulicheka hiyo, mimi na wengine. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Mwezi wa Septemba nilikwenda kwa Clothilde kula wali na sombe, kisamvu cha kwao. Élysée aliweka kijiko chini.

"Dada Lydiah," alisema, "unielezee. Mbona bamama ba Kenya banasema Amen nikiwaambia nimefunga? Na mbona mumoja ananiuliza kama naonaka usiku pia?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa nimezoea. Sijui ni nini kilinishinda, labda ile sombe, labda kofia nyekundu ya mtoto iliyokuwa imetundikwa mlangoni. Nikamwambia yote: karatasi, simu, kayamba, nyuzi, majani ya tumbo, ndege. Nikamwambia kuhusu mahindi na ufunguo wa jiko. Hata njugu nikamwambia.

Alisukuma sahani yake kando.

"Ule Mama Mzee," alisema. "Alinishikia kijiti."

"Ndiyo."

"Na weye ulijua mupepo ni nini?"

"Nilijua."

"Ulijua na siku ile ya maombi?"

"Nilijua, Élysée."

Clothilde aliinuka, akachukua sufu yake kwenye kochi, akaingia chumbani na kufunga mlango. Kuanzia siku hiyo tulikunja mashuka bila neno, na akisikia joto alikwenda kufungua mlango mwenyewe.

Élysée hakunifokea. Aliniambia tu kwamba Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, twende Pearland, Elphas atakuwepo. Nilimkumbusha kwamba akifanya hivyo wale wanawake wote watamwacha. Kanisani kwetu hakuna anayemtafuta fundi wa kawaida. Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua.

Tulifika saa tatu. Everline alituandalia chai, akidhani ni ugeni wa baraka. Élysée hakunywa. Alipanda darini na kisu, tukasikia akikwangua povu juu ya kabati, kisha ubao ukiburutwa. Aliposhuka alitundika uzi mmoja mwekundu ndani ya kabati, palepale pa zamani, akamwomba Elphas awashe mashine.

Uzi ulitulia kidogo. Halafu ukacheza. Pazia likapumua, na ule mluzi mwembamba ukaanza.

"Umezirudisha!" Everline alirudi nyuma hadi ukutani. "Umezirudisha nyumbani kwangu!"

"Mama, ni mupepo," Élysée alisema, na sasa hakujali tena Kiswahili cha nani. "Ni upepo. Le vent. Wind, Mama, wind! Ile niliandika ni wind!"

Aliushika mkono wa Elphas, akauweka mbele ya kabati. Elphas aliuacha mkono wake pale, joto la darini likimpiga kiganjani, kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha akakaa kwenye kitanda cha mama yake, kitanda kisicho na shuka, akatoa simu.

Kule kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mdogo wake alipokea, akampelekea mama. Simu ilikuwa kwenye spika, tukasikia kuku.

"Mama," Elphas alisema, "ulikuwa upepo tu. Fundi ametuonyesha. Kulikuwa na shimo nyuma ya kabati."

"Najua," Mama Melania alisema. "Nilimshikia kijiti. Nilikuambia."

"Tumekosea, Mama. Nitapigia mchungaji wa huko. Nitapigia kila mtu nimweleze."

"Utawaeleza nini? Wanasema nilipotoka, nyumba yenu ilitulia. Ilitulia?"

Elphas alifuta uso. "Ilitulia, Mama, lakini ni kwa sababu fundi—"

"Basi," alisema. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu vyombo na kukuta kimoja hakipo. "Lakini kama ulikuwa upepo, Elphas, mbona mlinipandisha mimi kwenye ndege?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na simu kuliko wote, na jibu nilikuwa nalo, na sikulitoa. Tulisikia kuku tena, kisha mdogo wake akasema mama ameenda kufungia mbuzi.

Joto lilikuwa linaingia chumbani. Élysée alikwenda kwenye gari kuchukua mkebe mwingine wa povu, akapanda tena, akarudisha ubao. Safari hii hakuimba. Tulikaa chini tukisikiliza magoti yake yakisogea juu ya vichwa vyetu, polepole, kona hadi kona, kwa sababu hata siku ile hakuweza kufanya kazi ovyo.

Aliposhuka, mluzi ulikuwa umekufa. Everline alimngoja chini ya ngazi. Alikuwa amejifuta machozi na kujipaka poda, maana ibada ilikuwa karibu.

"Umezifunga zote?" aliuliza.

Élysée alikunja ngazi, akaisukuma juu hadi mlango wa dari ukashika. Mwanamke huyu, yeye Élysée alikuwa akimwita Mama tangu siku ya kwanza, hata kwenye karatasi.

"Is finish, madam," alisema, akachukua mkebe wake, akatoka.